Hivi Lord Cardigan Alikuwa Nani, na Cheo cha Jeshi Kinanunuliwaje?

Tangu serikali ya Uingereza ipeleke bungeni mwaka 2024 muswada wa kuwaondoa malodi wa kurithi waliobaki kwenye bunge lao la juu, maswali mtaani na mitandaoni yamekuwa yaleyale. Kuna anayedhani lodi lazima awe ndugu wa mfalme, kuna anayechanganya lodi na Sir, na kuna wale wanaouliza inakuwaje mtu mmoja awe lodi, awe mbunge, awe kanali wa jeshi, na bado ukisoma historia yake huoni mahali alipofundishwa hata kupanga gwaride. Hilo la mwisho ndo swali zuri kuliko yote. Kulijibu nitamtumia jamaa mmoja, James Brudenell, Earl wa saba wa Cardigan, maana maisha yake yana kila kitu: cheo cha kurithi, cheo cha kununua, kesi mahakamani, na dakika ishirini hivi za vita ambazo mpaka leo watu wanabishana nani alaumiwe.

Tuanze na lodi mwenyewe. Kule kwao kuna ngazi tano za ukabaila wa kurithi, ukishuka kutoka juu ni Duke, Marquess, Earl, Viscount, halafu Baron. Delamere mnayemsikia Kenya na yule Egerton mwenye ngome ya Njoro wote walikuwa Baron, yaani ngazi ya chini kabisa, ila ukiwa shambani kwao usingejua. Sir sio lodi. Sir wengi ni watu waliopewa heshima binafsi inayoishia kwao wenyewe wakifa, na hata wale wachache wanaourithi hawakuwahi kuingia bunge la malodi kwa usir wao. Na lodi hahitaji kuwa na damu ya mfalme, wengi babu zao walipewa cheo kwa vita, kwa siasa au kwa kukopesha ikulu hela wakati mgumu.

Kitu kingine kinachochanganya ni kwamba Uingereza cheo kinashikwa na mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Baba akiwa Earl, watoto wake kisheria ni raia wa kawaida, hata kama mkubwa anaitwa Lord kwa heshima. Ndo maana huyu James anatokea vitabuni kwa majina mawili na watu wanadhani ni watu wawili. Alizaliwa Oktoba 1797, baba yake akarithi uEarl mwaka 1811, kuanzia hapo kijana akaitwa Lord Brudenell kwa heshima tu, na mwaka 1837 mzee alipofariki ndo akawa Lord Cardigan kamili. Cardigan yenyewe ni mji wa Wales, lakini familia haikuwa inaishi huko, nyumba yao ilikuwa Deene Park, Northamptonshire, mwendo wa mbali kabisa.

Huo ulodi wa heshima ulimpa faida moja kubwa, kwa kuwa hakuwa lodi kamili aliruhusiwa kugombea ubunge wa bunge la kawaida. Neno kugombea nalitumia kwa uangalifu. Mwaka 1818, akiwa bado hajafikisha miaka 21 au ndo kwanza anaikaribia, alipewa kiti cha Marlborough ambacho binamu yake, lodi mwingine, alikuwa anakimiliki kama mtu anavyomiliki shamba, wapigakura wachache, wote wanamtegemea yeye. Mwaka 1829 wakatofautiana kuhusu haki za Wakatoliki, kiti kikaondoka. Siasa haikuwa moyoni mwake hata hivyo. Alichotaka ni farasi, sare, na kuamrisha watu.

Alikuwa mtoto wa kiume pekee kati ya dada wengi, wazazi walimzuia asiende jeshini kwa kuogopa wasije wakakosa mrithi, kwa hiyo aliingia akiwa na miaka 26, mwaka 1824, kwa cheo cha chini kabisa cha ofisa wa wapanda farasi. Kufikia Desemba 1830 alikuwa luteni kanali. Miaka sita! Hakupigana vita hata kimoja katikati hapo. Alinunua. Sasa hapa ndo watu wengi wanasema "kumbe rushwa imeanza zamani", na hapa ndo inabidi tutulie kidogo, kwa sababu haikuwa rushwa. Ilikuwa sheria.

Kinachonunuliwa ni kamisheni, kile kile ambacho leo kijana anatunukiwa na Rais baada ya kuhenyeka Monduli. Kwenye jeshi la Uingereza la wakati huo, kikosi cha miguu na cha farasi, kila kamisheni kuanzia ofisa wa chini mpaka luteni kanali ilikuwa na bei iliyopangwa na serikali na kuchapishwa. Kuanza kwenye rejimenti ya kawaida ya farasi ilikuwa pauni 840. Uluteni kanali wa farasi, yaani kuikamata rejimenti nzima, pauni 6,175. Ukipanda unalipa tofauti tu, ile ya chini unamuuzia anayekuja nyuma yako, na ukistaafu unauza cheo chako unaondoka na hela yote kama mafao. Ukifa vitani kwa kawaida hela inapotea, ukifukuzwa kwa aibu pia inapotea.

Nani alianzisha wazimu huu na kwanini ulidumu karibu miaka mia mbili? Hoja yao ilikuwa hivi. Miaka ya 1650 Uingereza ilitawaliwa na Cromwell na majenerali wake, watu waliopandishwa na vita wakampindua mfalme, na wenye mali hawakusahau. Wakaona afadhali maofisa wawe watu wenye ardhi na hela, ambao serikali ikipinduliwa na wao wanafilisika, kuliko maaskari wa kulipwa wasio na cha kupoteza. Hela uliyolipia cheo ikawa kama dhamana ya tabia yako. Na serikali ilipenda sana kwa sababu nyingine ya kibahili: haikulazimika kulipa pensheni, na mshahara wa ofisa ukabaki mdogo kiasi kwamba haukutosha hata farasi na gharama za mesi. Mfumo huo huo ndo ulimtoa Wellington, aliyekuwa luteni kanali akiwa na miaka 24 kwa njia ya kununua, na ndiye aliyemshinda Napoleon pale Waterloo 1815. Kwa hiyo kila mtu akilalamika, jibu lilikuwa tayari, mbona Wellington.

Ila bei ya serikali ilikuwa ya kwenye karatasi. Waliowahi kutafuta fremu Kariakoo wataelewa haraka, kuna kodi ya mwenye nyumba inayoandikwa kwenye mkataba, halafu kuna kilemba unachompa mpangaji anayetoka, hicho hakiandikwi popote lakini bila hicho hupati mlango. Vyeo navyo vilikuwa na kilemba. Kisheria kilikuwa haramu, kila mtu alikilipa, na kwenye rejimenti za kifahari kilikuwa kikubwa kuliko bei yenyewe. Mwaka 1832 Brudenell alipoinunua rejimenti ya 15 ya Hussars, wapanda farasi wepesi, inasemekana alitoa zaidi ya pauni 35,000. Rudi juu uangalie bei halali halafu ufanye hesabu mwenyewe.

Hapa niweke sawa uongo mmoja, kwamba tajiri yeyote alikuwa ananunua ujenerali. Hapana. Soko liliishia luteni kanali. Kuanzia hapo ni foleni ya kusubiri, aliyekutangulia kupata cheo anakutangulia kupanda, ila ukiona vizuri foleni nayo unaiwahi kwa hela maana ukifika luteni kanali mapema unapanga mstari mapema. Na mizinga na uhandisi havikuuzwa kabisa, maofisa wao walisomeshwa chuo cha kijeshi cha Woolwich, kwa sababu hata makabaila walijua mzinga ukikosewa hesabu haujali baba yako nani.

Sasa tajiri kanunua rejimenti, anaiendeshaje? Kama mali yake. Ndani ya miaka miwili alikuwa amegombana na kapteni mmoja, Wathen, akampeleka mahakama ya kijeshi, na ikabainika kwenye kesi kwamba mkuu wa kikosi alikuwa anaweka watu wa kunukuu kwa siri maongezi ya maofisa wake. Wathen akaachiwa, na Februari 1834 Brudenell akavuliwa ukuu wa rejimenti hadharani. Mtu wa kawaida hapo kwisha habari yake. Yeye dada yake alikuwa ameolewa na Lord Howe, mkuu wa shughuli za nyumba ya Malkia Adelaide, maneno yakapita mlango wa nyuma, na 1836 akanunua rejimenti nyingine, ya 11. Mwaka uliofuata akarithi uEarl na mapato ya mashamba yanayokadiriwa pauni 40,000 kwa mwaka.

Alichokifanya na hizo hela ni kuivalisha rejimenti. Suruali za rangi ya cheri, zimebana, koti za dhahabu dhahabu, akaongeza kwa mfuko wake kwenye sare na farasi kila mwaka, na mwaka 1840 walipomsindikiza Prince Albert alipokuja kumuoa Malkia Victoria, Prince akawapenda mpaka akaipa rejimenti jina lake. Tatizo ni kwamba ndani ya rejimenti hiyo nzuri kulikuwa na maofisa waliokaa India miaka mingi, watu waliojua kazi, wasio na hela za kilemba, na Cardigan hakuwataka. Kwake ofisa wa India alikuwa mtu wa chini aliyejipenyeza mezani.

Kisa cha chupa nyeusi ndo kinaonesha vizuri. Mei 1840, mesi ina mgeni, jenerali, meza imepangwa, sheria ya Cardigan ni kwamba mvinyo unakuja kwenye vyombo vya kioo. Kapteni John Reynolds, mmoja wa hawa wa India, akaagizia mgeni mvinyo wa Moselle, mhudumu akaileta chupa kama ilivyo, chupa nyeusi. Cardigan kutoka upande wake wa meza akaona chupa nyeusi akajua ni bia nyeusi, kinywaji cha makuli na askari wa kawaida. Akamtuma mtu akamseme Reynolds, Reynolds akajibu kwa hasira, akawekwa chini ya ulinzi. Kwa chupa! Magazeti yakaidaka stori, ikawa Cardigan akienda tamthilia London watu wanampigia kelele "chupa nyeusi" mpaka anaondoka.

Miezi michache baadae Harvey Tuckett, kapteni wa zamani wa rejimenti hiyohiyo, akaandika barua gazetini kumshutumu. Cardigan akamuita kwenye pambano la bastola, tarehe 12 Septemba 1840, uwanja wa Wimbledon, na risasi ya pili ikampata Tuckett. Msaga nafaka wa kinu cha pale, ambaye pia alikuwa na madaraka ya polisi, aliona kila kitu kutoka kwenye kinu chake akaja kuwakamata wote. Shitaka lilikuwa kufyatua risasi kwa nia ya kuua, adhabu yake kifo.

Na hapa tunarudi kwenye ulodi, maana lodi alikuwa na haki ya kuhukumiwa na malodi wenzake, haki iliyofutwa 1948 tu. Februari 16, 1841, ukumbi umejaa makabaila, na kesi ikafa kwa jina. Hati ya mashitaka ilisema aliyepigwa risasi ni Harvey Garnett Phipps Tuckett. Ushahidi uliopelekwa ni kadi iliyoandikwa Captain Harvey Tuckett. Wakili wa Cardigan akasema upande wa mashitaka haujathibitisha kuwa hao ni mtu mmoja, basi. Malodi wakasimama mmoja mmoja, mkono kifuani, kila mtu "hana hatia, kwa heshima yangu", isipokuwa Duke wa Cleveland aliyechomekea kwamba hana hatia kisheria. Ukiuliza mimi, yule Duke ndo pekee aliyesema kilichotokea mle ndani.

Tuje kwenye vita sasa. Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa zikaungana na Uturuki kupigana na Urusi, na jeshi likapelekwa rasi ya Crimea. Karibu miaka arobaini ilikuwa imepita tangu Waterloo. Mkuu wa jeshi lote la Waingereza ni Lord Raglan, miaka 66, mkono mmoja aliuacha Waterloo. Mkuu wa wapanda farasi wote ni Lord Lucan. Chini ya Lucan, anayeongoza Brigedi Nyepesi, ni Cardigan, ametimiza miaka 57 siku tisa kabla ya shambulio lenyewe. Lucan alikuwa amemuoa Anne, dada yake Cardigan, ndoa imeharibika, na hawa mashemeji walikuwa hawapatani kabisa. Hata kulala hawakulala mahali pamoja, Cardigan alikuwa na boti yake ya kifahari, Dryad, imetia nanga bandari ya Balaclava, analala humo na mpishi wake, asubuhi anapanda kwenda kambini wakati askari wake wameamka kwenye baridi tangu alfajiri. (Pembeni kidogo, huyu Lucan sio yule Lord Lucan aliyepotea London mwaka 1974 baada ya mauaji nyumbani kwake, yule ni kilembwe chake. Nao naona wanachanganywa sana.)

Tarehe 25 Oktoba 1854, asubuhi Warusi wameteka ngome ndogo zilizokuwa juu ya kilima zikishikiliwa na Waturuki, ndani yake kuna mizinga ya Waingereza. Raglan yuko juu mlimani anaona kila kitu kama ramani, anaona Warusi wanaanza kuikokota ile mizinga. Anatuma agizo: wapanda farasi waende mbele haraka wawazuie maadui wasichukue mizinga. Agizo likaandikwa kwa penseli, akapewa kapteni Nolan, mpanda farasi hodari, akateremka mbio.

Lucan yuko bondeni. Kutoka pale alipo haoni ile mizinga ya kilimani. Mizinga pekee anayojua ipo ni ya Warusi, imepangwa mwisho wa bonde, kilomita mbili mbele, na kushoto na kulia pia kuna mizinga na bunduki. Anauliza, mizinga ipi? Nolan, ambaye hakumheshimu Lucan hata kidogo, akarusha mkono kuelekea bondeni, yule pale adui wako, ile pale mizinga yako. Hapo hapo mambo yakaharibika. Lucan na hasira zake hakuuliza tena. Akaenda kwa shemeji, Cardigan akamwambia kwa adabu ya kijeshi kwamba mbele kuna mizinga na pande zote mbili pia, Lucan akasema najua lakini ndivyo Lord Raglan anavyotaka, hatuna la kufanya. Cardigan akapiga saluti.

Kwa hiyo wale wanaosema Cardigan ndo aliyeamuru shambulio, sio kweli, yeye alipinga, kwa sentensi moja lakini alipinga. Na wale wanaosema alikuwa mwoga nao wakae chini. Alitangulia mbele ya watu wote, juu ya farasi wake Ronald, wima, hageuki nyuma, watu kama 670 nyuma yake, na Nolan akafa mwanzoni kabisa kwa kipande cha kombora akiwa amekatiza mbele yao anapiga kelele. Labda aligundua wanaenda kusiko, labda alikuwa anawahimiza, ndo ubishi wenyewe huo. Cardigan aliingia mpaka katikati ya mizinga ya Warusi, akapita, akafika upande wa pili mzima.

Halafu akageuza farasi akarudi. Hilo ndo linaloudhi. Alisema baadae kwamba sio kazi ya jenerali kupigana na adui katikati ya askari wa kawaida, kazi yake ilikuwa kuwaongoza mpaka kwenye mizinga na amewafikisha. Brigedi yake ikajipigania yenyewe kutoka humo bondeni bila mkuu. Walikufa 110 hivi, waliojeruhiwa kama 160, farasi zaidi ya 300 waliisha. Wengi mnadhani walikufa wote kwa sababu ya shairi maarufu lililotoka Desemba ile ile, lakini wengi walirudi, ingawa kama brigedi ilikuwa imekwisha. Jenerali wa Kifaransa Bosquet alitazama akasema ni kitu cha fahari, ila sio vita. Jioni Cardigan akarudi kwenye boti yake.

Mjadala wa nani alaumiwe nauona unakwama kwa sababu watu wanatafuta mtu mmoja. Raglan alitoa agizo lisiloeleweka kwa mtu aliye bondeni, Nolan alionesha vibaya, Lucan hakuuliza mara ya pili. Na kwanini hakuuliza? Kwa sababu jeshi lile lilipangwa kwa nani anamjua nani na nani alilipa ngapi, ofisa mjuzi kama Nolan amejaa dharau kwa mabwana waliojinunulia vyeo, mabwana nao wanaona haya kuonekana hawajui mbele ya kapteni. Uwape ramani ile ile watu wanaozungumza kama binadamu, nadhani wangefika kwenye kile kilima.

Januari 1855 Cardigan alirudi Uingereza shujaa, Malkia akampokea Windsor, akapewa ukaguzi mkuu wa wapanda farasi, picha zake zikauzwa madukani. Lile sweta la vifungo mbele, kadigani, likaja kuitwa kwa jina lake, sio kwamba alishona yeye. Mikono ya raglan ambayo mafundi cherehani wanaijua nayo ni ya huyo huyo Raglan, na ile kofia ya sufu inayoacha macho tu imetoka Balaclava. Vita moja, kabati zima.

Ushujaa haukudumu, waliokuwepo wakaanza kuandika, na mwaka 1863 akamshitaki ofisa aliyeandika kwamba alirudi mapema, akashindwa kesi kwa kuchelewa kuleta malalamiko, ingawa mashahidi walikubali kwamba kwenye mizinga alifika. Machi 1868 alianguka kutoka kwenye farasi karibu na nyumbani Deene akafa. Hakuacha mtoto wa kisheria, cheo kikaenda kwa binamu, ukoo ule ule wenye kiti cha Marlborough.

Biashara ya vyeo ilimzidi umri kwa miaka mitatu tu. Mwaka 1871 waziri wa vita Cardwell alipeleka muswada wa kuifuta, wabunge wakapitisha, malodi wakagoma. Waziri mkuu Gladstone akazunguka, akamshauri Malkia afute kwa hati yake mwenyewe, kwa kuwa ruhusa ya kuuza vyeo ilikuwa ya kifalme toka mwanzo. Wakaamka asubuhi vyeo vyao havina bei. Fidia ya mamilioni ya pauni kwa maofisa ilikuwa ndani ya muswada ule ule walioukataa, kwa hiyo malodi wakaupitisha mbio, na fidia ikahesabiwa kwa bei yote waliyolipa, pamoja na kile kilemba kilichokuwa haramu.